Neno la Kumsimamisha Madame

Papa Sifa amekufa, nami nilikwenda kwenye matanga yake nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri. Sikukivaa kwa heshima. Nilikivaa kwa sababu sikutaka mtu yeyote wa parsele ile anione nimechakaa. Niseme hivyo mapema ili msomaji asinidhanie wema nisio nao. Parsele yenyewe, kiwanja na nyumba zake, iko mtaa wa Kilibula, nyuma ya mashine ya mpunga ambayo siku hizi haikoboi kitu, popo tu ndio wamehamia. Walikuwa wametandaza turubai juu ya uwanja na kupanga viti vya kukodi, wanaume upande wa barabara, wanawake upande wa masufuria. Nikachagua kiti karibu na ukuta wa nyuma. Ukuta ule naujua. Banda la Madame, farasi wa marehemu, lilikuwa limeegemea pale, na pete ya chuma tuliyokuwa tukimfungia ingali ipo, imeshika kutu, na mtu ameipitishia kamba ya kuanikia nguo. Nilipoiona nilisikia harufu ya pumba za mpunga na ya jasho la farasi, ingawa kilichokuwa kikinuka pale ni maharagi yaliyoungua tu.

Nyuma yangu mdogo wa marehemu alikuwa akiwachangamsha vijana, kama watu wanavyofanya kwenye matanga usiku usipotaka kwisha. "Muzee alikuwaka na farasi, munajua? Hapa hapa Uvira. Aliitosha Bujumbura, akaileta na lori. Ile farasi ilikuwa na roho kuliko bantu. Ikipita kwenye kilio, inasimama, inainamisha kichwa." Kijana mmoja akauliza ilikufa vipi. "Kulikuwa mutoto mwanamuke mumoja, njo alikuwa naipanda. Akaogopa mayi, akavuta kamba. Farasi ikasimama katikati ya muto. Sasa weye, farasi na banamuke, wapi na wapi?" Wakacheka ile sauti ya chini ya matangani. Halafu mmoja akamgusa kiwiko, na mzee yule akageuka akaniona. "Ah, mama Feza, kumbe uko hapa. Usikasirike, tuko nachekesha tu." Nikamwambia sijakasirika. Nilimdanganya. Tangu ujana wangu mji huu umeniita Feza wa Farasi, na kila anayeliita jina hilo anajua, au anadhani anajua, kwamba nilimuua Madame kwa woga. Sikuvuta kamba. Nilikuwa nimeziachia zote mbili. Na kwenye matanga yale sikufuata chai wala maombi: nilifuata mtu mmoja tu wa kusema hivyo, na aliyebaki hai wa kulisema alikuwa ndani ya nyumba, ameketi kwenye godoro la mjane.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule na sina la kufanya, nikachukuliwa jikoni kwa Mama Sifa. Papa Sifa ndiye aliyekuwa na mashine ya mpunga, mashamba bondeni na lori la kuleta mazao. Mtoto wao wa kwanza walimwita Sifa, na jina hilo lilimfaa zaidi baba kuliko binti. Siku moja lori lilirudi kutoka ng'ambo ya mpaka likiwa limebeba farasi jike mwekundu, mrefu, mwenye paji jeupe, na mzee wa Kirundi aliyesimama naye juu ya magunia akimshika kichwa. Watu walijaa barabarani. Farasi akagoma kushuka, na dereva, aliyechoka na safari, akamfungulia mlango wa nyuma akasema, "Shuka basi, Madame." Watu wakacheka, na jina likashika siku hiyohiyo. Papa Sifa alikuwa na mpango: kila bibi-arusi wa Uvira alifika kanisani kwa gari la kuazima, wa kwake angefika juu ya farasi. Mpandaji mwenyewe alitakiwa awe mtu mwepesi wa kukaa na bibi-arusi bila kumwaibisha. Mzee wa Kirundi alikuwa na nyonga mbovu. Mimi nilikuwa mwembamba, tena Madame alinifuata uani kote kwa ajili ya pumba nilizobeba, basi nikatolewa kwenye moshi.

Mzee yule aliitwa Salvatori. Alikuwa ametunza farasi wa matajiri Bujumbura, na hakuacha mtu asahau. Alitembea na viatu virefu vya ngozi alivyoving'arisha kwa mawese, hata nzi walimfuata kama mfalme wao. Alijisifu, alipenda kasiksi, pombe ya ndizi, kupita kiasi, na ukimkosea alinuna mpaka jioni. Lakini asubuhi, kwenye mchanga wa ziwa, kabla jua halijapata makali, hakuna aliyenifundisha kitu chochote vizuri kama yeye, na nimepita kwa walimu wengi wenye chaki. Alimfunga Madame kamba ndefu, akamzungusha, nami nikiwa juu bila hatamu mkononi, bila hata vikanyagio, mikono kiunoni. "Jikalishe," alisema. "Usimushikilie na magoti. Weye hauko kupe." Nilianguka mara nyingi. Alisubiri nipanguse mchanga, kisha akaniambia nipande tena, na hakuwahi kunipa pole. Visigino chini. Macho mbele, kwa sababu ukiangalia chini ndiko utakakokwenda. Mgongo uende na mgongo wake. Hatamu, zile kamba mbili zinazoshika chuma cha mdomoni, nilipewa mwisho kabisa, baada ya kujifunza kwamba siwezi kuzitegemea zinishikilie. "Shika kama mukono ya mutoto sokoni," alisema. "Usimuvute, usimupoteze."

Na lile kubwa, ambalo mengine yote yalilitumikia, lilikuwa hili: farasi hafundishwi na kuvutwa, anafundishwa na kuachiwa. Ukitaka aende, mguu unambana kidogo. Mara tu anaponyanyua hatua, mguu unanyamaza. Ukitaka asimame, unasema neno, unafumba mkono. Akisimama tu, mkono unafunguka. "Muguu inauliza, Madame anajibu, muguu inanyamaza," alisema Salvatori. "Kama ameshajibu na weye ungali nauliza, ataona weye ni mujinga, kesho hatajibu tena. Kumuachia njo kumulipa." Nilidhani ni habari ya farasi. Miaka imepita, nimeshona nguo za watu, nimelea wanangu, nimewaona wazazi, wachungaji na wakubwa wa mji wakivuta, na wakishapata walichovuta wanaendelea kuvuta, halafu wanashangaa kwa nini watu wamekuwa wagumu wa midomo. Hakuna aliyewaambia waachie. Mimi niliambiwa, na haikunisaidia.

Salvatori alizungumza na Madame kwa Kirundi, kwa kuwa ndicho alichofundishwa nacho. Neno la kumpunguza na kumsimamisha lilikuwa *buhoro*, taratibu. Alilisema kwa sauti ya chini, na yule farasi, akiwa anakimbia hata kiasi gani, alijikusanya akasimama kama mtu aliyeguswa bega. Nami nilijifunza hivyohivyo. Lakini siku zile aliyesikika akiongea Kirundi mjini aliangaliwa mara mbili, na Papa Sifa hakupenda kuangaliwa isipokuwa kwa kusifiwa. Jioni moja alimwita Salvatori saloni, yaani sebuleni, wakati wa chakula. Naiona meza ile: bugali limefunikwa kwa sahani, sombe ya majani ya muhogo, samaki mukeke wa kukaanga aliyeelekezwa kichwa kwa mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nikipitisha maji ya kunawa. Mama Sifa alikuwa anakusanya sahani za watoto.

"Nasikia uko unasema na farasi yangu Kirundi," Papa Sifa alisema.

"Njo luga anasikia, patro. Buhoro. Akiisikia anasimama."

"Hapa iko Uvira. Bantu watasema nini? Kwa Papa Sifa hata nyama inaongea Kirundi? Tafuta neno ya Kiswahili."

Salvatori akafikiri. "Basi tuseme simama."

"Simama iko neno ya basoda na bunduki. Bibi-arusi akipanda, asikie simama kama kwenye bariyeri?" Papa Sifa alimega bugali, akalifinyanga, akapata wazo, nasi sote tukaona amelipata. "Sema pole. Pole iko neno ya heshima."

Salvatori aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa kununa, lakini safari hii hakununa, aliogopa. "Patro, pole iko neno ya kila muntu. Muntu akijikwaa, pole. Akibeba muzigo, pole. Akifiwa, pole. Farasi atajua je nani anamwambia?"

"Basi atakuwa na heshima kwa kila muntu," alisema Papa Sifa, na meza nzima ikacheka. Mama Sifa alicheka na sahani mkononi. Nilicheka na mimi, kwa sababu lilikuwa jibu zuri, na maji yalikuwa yakimwagika.

Ndivyo lilivyobadilishwa. Salvatori angeweza kufanya kazi mbovu, akamfundisha nusunusu, na leo nisingekuwa na hadithi. Majivuno yake hayakumruhusu. Alinionyesha jinsi ya kubadilisha neno: unatanguliza jipya, halafu la zamani, halafu unaachia. Pole, buhoro, mkono unafunguka. Pole, buhoro. Tulifanya hivyo kwenye mchanga asubuhi baada ya asubuhi, mpaka Madame akaanza kusimama kabla la zamani halijatoka mdomoni, na hapo Salvatori akaliacha. Akamfundisha asimame kwa neno hilo hata likisemwa na mimi, na Papa Sifa, na dereva, hata likitoka nyuma yake, hata likisemwa kwa sauti kubwa. "Akisikia, asimame na asiondoke mpaka aachiwe," alisema. "Juu ya bibi-arusi, asianguke." Alikuwa ameridhika. Akapaka viatu vyake mawese.

Kichekesho kilianza sokoni. Tulikuwa tunapita, mimi juu, mama mmoja akamwaga beseni la ndagala, dagaa wetu wa ziwa, na wenzake wote wakamwambia, "Pole, pole, pole." Madame akasimama katikati ya ndagala. Nikambana mguu, akanyanyua hatua, mama mwingine akasema pole, akasimama tena. Soko zima lilicheka, nami nilicheka mpaka machozi. Baada ya hapo watoto walijua, wakawa wanatuvizia kwenye kona na neno lao. Halafu tulipita mbele ya parsele yenye kilio. Watu walikuwa wanaingia na kutoka wakipeana pole mlangoni, na Madame alisimama pale, akainamisha kichwa kwa sababu nilimwachia hatamu kama nilivyofundishwa, akakaa. Wanawake wakaanza kulia upya. Wakasema mnyama ana huruma. Habari zilimfikia Papa Sifa kabla sisi hatujarudi, na alinipokea getini akitabasamu. Toka siku hiyo Madame hakwenda kwenye ndoa tu, alikodiwa na kwenye mazishi pia, na Papa Sifa alisimama pembeni na suti yake akiwaeleza wageni kwamba farasi wake anasalimia wafu. Siri aliijua. Akishakunywa aliwaambia rafiki zake saloni jinsi neno lilivyofanya kazi, akijisifu kwamba ni yeye aliyelichagua.

Mimi nilikwenda kumwambia. Nilimkuta kwenye mashine, mweupe wa vumbi la pumba. Nikamwambia, "Papa, tubadilishe ile neno. Iko siku itatuletea mambo." Akanitazama kwa upole kabisa, na ule upole ndio unaoniuma. "Feza, mutoto yangu, ile neno njo imetupatia jina. Weye unataka uvunje jina?" Salvatori naye aligombana naye kwa sababu nyingine, kwato za Madame zilizokuwa zinapasuka kwa kutembezwa kwenye lami nyuma ya majeneza. Wakapandishiana sauti. Salvatori akatoa maneno makali kwa Kirundi, uani, mbele za watu, na kesho yake hakuwa na kazi. Aliniaga bandani. Alimshika Madame masikio, akayavuta taratibu mpaka nchani, kama alivyofanya kila siku. "Hii farasi iko nasikia sana," aliniambia. "Njo matatizo yake. Ukiona hatari, muachie kichwa. Mu mayi, mu matope, muachie kichwa, ana akili kukupita." Akavuka mpaka na viatu vyake vinavyonuka mawese.

Ndoa ya mwisho ilikuwa kijijini Runingu, ng'ambo ya mto. Tulimpeleka bibi-arusi kanisani juu ya Madame, mimi nikiwa nyuma yake nimemzungushia mikono, shela yake ikinipiga usoni, na wazee wa Runingu walisimama mistari miwili kumwangalia mnyama. Tulikula vizuri, wali, mbuzi, ndizi za kupika, na kasiksi ilizunguka katika vibuyu. Mchana ukaanza kuwa mweusi upande wa milima. Bonde lilikuwa kavu kabisa, vumbi tupu, lakini wenyeji waliangalia juu wakasema kule mvua inapiga, laleni hapa. Papa Sifa hakutaka. Kesho yake kulikuwa na ndoa ya mtu mkubwa mjini na ahadi ilikuwa imeshatolewa. Daraja la mto lilikuwa limeondoka na mvua za nyuma, watu walivukia kwenye mawe. Lori lilitangulia, Papa Sifa na Mama Sifa wakiwa mbele na dereva, likavuka maji yakiwa chini ya magurudumu. Mimi nilikuwa nyuma, juu ya Madame, kwa mwendo wa hatua. Nilipofika mtoni maji yalikuwa yamebadilika rangi. Papa Sifa alikuwa ameshuka, amesimama ng'ambo na suti yake, akanipungia mkono nije.

Nilimuuliza Madame kwa mguu, akaingia. Maji yalimfika magotini, halafu tumboni, baridi, yakiwa na matawi. Nilifanya kama nilivyoambiwa: nikaachia hatamu, zote mbili, zikalala shingoni, nikashika manyoya ya shingo kwa mikono miwili. Yeye alinyoosha kichwa mbele na kujitafutia mawe kwa kwato, moja moja, pua inapuliza. Alikuwa anavuka. Nataka lisomwe hivyo: alikuwa anavuka, tulikuwa tumepita katikati, na niliona vifungo vya suti ya Papa Sifa. Ndipo yeye, kwa kuogopa, maana najua aliogopa, akaweka mikono mdomoni akapaza sauti: "Pole, Feza! Pole!"

Madame akasimama.

Nikambana. Akanyanyua mguu. "Pole, pole!" akarudia, na Madame akaushusha, akatulia, sikio moja limegeuka nyuma kwangu, akingoja. Aliyajua masharti: asiondoke mpaka aachiwe. Lakini nilikuwa nimeshamwachia kila kitu, sikuwa na cha kumwachia zaidi. Maji yalikuwa yanapanda mapajani mwangu. Nikapiga kelele, "Nyamazeni! Musiseme ile neno!" Kwa ule mngurumo wa maji hawakusikia maneno, walisikia kilio. Na kwetu msichana akilia majini watu wanafanya nini? Wanawake waliokuwa wakifua kando ya mto, na waliokuwa wakirudi kutoka mashambani na majembe, wote walishika vichwa wakaanza, kwa moyo safi kabisa, "Pole, mama! Pole we! Pole!" Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyonihurumia. Na kadiri walivyonihurumia ndivyo Madame alivyosimama, mguu sawa, kichwa chini, kama mbele ya jeneza. Nilimpiga. Sikuwa nimewahi kumpiga. Nikakumbuka lile la zamani, lakini la zamani nalo lilikuwa la kusimamisha. Hakuna aliyetufundisha neno la kufuta neno. Halafu gogo likaja.

Mimi nilinaswa kwenye mizizi, wakanitoa kwa mpini wa jembe. Yeye alipatikana chini, bondeni, maji yalipopungua.

Waswahili husema mdomo huponza kichwa. Pale mdomo ulikuwa wa mmoja na kichwa cha mwingine. Usiku uleule, Kilibula, nilikuwa jikoni nimejifunga kitenge cha Mama Sifa, nguo zangu zikichuruzika mlangoni, na nyumba ilikuwa imejaa wageni. Ukuta kati ya jiko na saloni ulikuwa wa mbao. Nikamsikia Papa Sifa. "Nilimwambia apite tu, asiogope. Akavuta kamba. Mutoto mwanamuke akiona mayi... Nilipiga kelele, piga, piga farasi, hakunisikia." Wageni wakamwambia pole. Pole kwa farasi, pole kwa hasara, pole kwa ndoa ya kesho. Mama Sifa aliingia akanipa chai ya moto yenye sukari nyingi kuliko ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, akaweka kikombe mezani badala ya kunipa mkononi, akatoka bila kuniangalia usoni. Asubuhi niliambiwa jikoni kuna watu wa kutosha.

Niliwaambia watu. Nani asiyejua kwamba mnyonge akieleza kisa chake kinakuwa kichekesho? "Eti pole njo ilimuua!" Walikuwa haohao waliocheka sokoni, waliomwona Madame kwa macho yao akisimama kwa neno hilo, lakini mambo ya sokoni yalikuwa utani, na ya mtoni yalikuwa kifo, na watu hawapendi kifo kitoke kwenye utani wao. Wale wanawake wa mtoni ndio waliokataa zaidi kunisikia, na hao siwezi kuwalaumu. Nilimtumia Salvatori ujumbe kwa wafanyabiashara wa Bujumbura, aje aseme alivyomfundisha. Alinirudishia salamu. Salamu tu. Baadaye mchumba wangu aliacha kuja, akasema mamake anauliza mwanamke anayeogopa atalea vipi, na ingawa niliolewa na mwingine na sikujuta, siku ile niliapa sitapita tena mbele ya mashine ya mpunga. Nikapita, bila shaka. Mji ni mdogo na barabara ni moja. Papa Sifa alikuwa ananisalimia: "Feza wa Farasi, uko?" Nikajibu niko, Papa. Nimejibu hivyo mpaka nimekuwa na mvi.

Basi mwishoni niliinuka pale ukutani nikaingia ndani. Saloni imepakwa rangi mpya, meza ni ileile. Chumba cha mjane kilikuwa na joto la watu. Wanawake wamekaa chini kwa mikeka, Mama Sifa katikati kwenye godoro, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kichwa kimefungwa kitambaa. Foleni ilikuwa inasogea: kila mwanamke anapiga goti, anashika mkono, anasema neno, anatoka. Pole, mama. Pole sana, mama. Nilipofika, nilipiga goti kama wengine, nikashika mkono wake. Neno halikutoka. Nilijaribu, kwa adabu nilijaribu. Nikasikia nimesema, kwa sauti ya chini, kama asubuhi kwenye mchanga, "Buhoro, mama."

Wanawake wa karibu waligeuka, wakidhani nimetoka ng'ambo. Mama Sifa aliinua macho. Nilimwona akitafuta, kisha akapata. "Mutuache kidogo," aliwaambia, nao wakajivuta mlangoni.

"Nilikuwa mu kabini ya lori," akasema. Hakuniuliza kama ninajua anazungumza nini. "Dirisha ilikuwa wazi. Minye nilisikia sauti ya Papa Sifa, njo ilianza, mbele ya ile ya banamuke. Nilikuona mikono yako kwenye manyoya. Haukushika kamba."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo muda mrefu, nikaona mwili wangu haujui ulipokee vipi. Nikauliza la kijinga, la mtoto. "Juu ya nini haukusema?"

"Alikuwa bwana yangu." Akaubana mkono wangu. "Na ile siku alilia, Feza. Alilia mu chumba hiki, hakutaka nimuone. Nikasema itapita."

Nje, ng'ambo ya ukuta, yule shemeji yake alikuwa ameanza tena. Nilisikia kicheko kikipanda na sauti ikisema mu katikati ya muto. Mama Sifa alikisikia pia. Niliangalia mlango, kisha nikamwangalia yeye, na akanielewa vizuri kabisa, kama alivyoelewa siku ile ya chai. Ilikuwa apaze sauti tu. Watu wote walikuwa pale, turubai zima, mji mzima ulioniita jina lile.

"Usiseme pale inje," aliniambia taratibu. "Leo hapana. Wageni wako, watoto wake wako. Tumuzike na jina yake."

Nikaanza kuinuka. Magoti yangu si yale ya mwaka ule, nilijisukuma kwa mkono mmoja, ule mwingine bado alikuwa ameushika. Nilikuwa nimekwisha kugeukia mlango, nimeshapiga hatua.

"Pole, Feza," akasema nyuma yangu.

Nikasimama. Sikutaka, lakini nilisimama, mguu sawa, kichwa chini, na wanawake mlangoni wakaona vizuri, wakadhani namlilia marehemu. Nilikaa hivyo, nikingoja auachie mkono wangu. Hakuuachia.